Nyumba ya mzee iliandikwa "imetelekezwa" shangazi akiwa ndani: tulivyoipinga, na pale tulipokubali

Ndugu uliyeuliza juu ya nyumba ya marehemu mama yenu huko Tabora, pole sana. Umesema imebandikwa notisi ya siku 30 kwamba ni jengo lisilokaliwa na lililotelekezwa, wakati mdogo wenu analala humo kila siku. Umeuliza mambo mawili: muanzie wapi, na je, muingize wapangaji haraka ili nyumba ionekane ina watu. Wengi hapa wamekushauri ukimbilie mahakamani kesho asubuhi. Naomba usikimbie kwanza. Jambo hili lilitukuta sisi mwaka 2024, mkoani Kigoma, na tulikosea sana kabla ya kupatia. Nitakueleza yote mawili.

Halmashauri siitaji, wala mtaa. Waliokosea walikuja wakarekebisha, na kilichokuleta hapa ni nyumba yenu, si majina ya watu.

Nyumba yetu mzee aliijenga mwishoni mwa miaka ya 1970. Msingi wa mawe, kuta za tofali mbichi, lipu ya saruji nje, bati juu. Mbele kuna vyumba vinne na baraza refu linalotazama barabara. Uani kuna vyumba viwili, jiko na choo. Mzee alifariki 2017. Mwaka uliofuata shangazi yangu, mdogo wake wa mwisho, alifiwa na mumewe akahamia vyumba vya uani. Vyumba vya mbele tulirundika vitu vya mzee, tukaufunga mlango mkubwa kwa kufuli. Shangazi anapita mlango wa nyuma, upande wa kichochoro. Huko ndiko liliko bomba, ndiko majirani zake walipo, na ndiko anakopanga mafungu yake ya dagaa na chupa za mawese asubuhi.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya afisa anayepita barabarani na orodha mkononi. Anaona kufuli lenye kutu. Anaona majani yameota kwenye nyufa za baraza, bati mbili zimenyanyuka kwa upepo, ukuta wa kona una ufa kuanzia dirishani hadi chini. Hazunguki nyuma. Anaandika "haikaliwi", anahamia nyumba inayofuata.

Shangazi alinipigia simu siku ya Alhamisi. "Baba, wamekuja watu na kopo la rangi. Wameandika ukutani. Nimewaambia mimi nakaa humu, wakasema nitajieleza ofisini." Mimi nafanya kazi Kibondo. Jumamosi nikapanda basi, nikafika jioni. Ile X waliyoiandika ukutani ilikuwa kubwa kama mtu mzima aliyenyoosha mikono, nyekundu, na rangi ilikuwa imechuruzika kutoka miguu ya herufi hadi sakafuni mwa baraza ikakaukia pale. Chini yake tarehe. Notisi yenyewe ilikuwa imebandikwa kwa gundi kwenye mlango wa mbele, mlango ambao hakuna mtu aliyeufungua kwa miaka sita. Nilipojaribu kuibandua ilichanika katikati. Usifanye hivyo. Ipige picha ikiwa palepale ukutani, ionekane na mlango wenyewe, halafu ndipo uibandue taratibu kwa kitambaa chenye maji.

Jumatatu nilikwenda ofisini nikiwa na hasira. Nilipandisha sauti kwa dada mmoja wa mapokezi ambaye hakuwa na kosa lolote, nikazungushwa vyumba vitatu, nikaambiwa anayehusika yuko nje ya ofisi. Saa nane mchana nikatoka. Sikuwa nimeacha karatasi hata moja pale, na sikuwa nimepewa hata moja. Kwa ofisi ile, mimi sikuwa nimefika. Siku nne kati ya 30 zilikuwa zimekwisha.

Aliyenituliza ni jirani yetu, mzee mmoja aliyestaafu ukarani wa mahakama. Nilimkuta jioni, nikamwamkia, nikampa notisi aisome. Aliisoma mara mbili bila kusema neno, halafu akaomba penseli. Sentensi ya notisi ilikuwa ndefu, ya kutisha, kama hiyo yenu bila shaka: jengo chakavu, lisilokaliwa na lililotelekezwa, linalohatarisha usalama wa wananchi, linalotumika kama maficho ya wahalifu, ambalo mmiliki wake ana malimbikizo ya kodi. Mzee akaipigia mistari vipande vipande, kisha akaniuliza kipande kimoja kimoja: hiki ni kweli au uongo? Na hiki je?

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Mimi nilikuwa napinga sentensi nzima. Nilikuwa nasema "nyumba hii haina tatizo lolote", na kwa kusema hivyo nilikuwa nasema uongo, kwa sababu ule ufa hata mtoto anauona. Shangazi anakaa ndani: kwa hiyo "haikaliwi" ni uongo. Imetelekezwa: uongo. Ni chakavu: upande wa mbele, kweli kabisa. Wahalifu: sikujua. Malimbikizo: sikujua pia, nilidhani hapana. Mashtaka kadhaa yalikuwa yamefungwa kwenye kifurushi kimoja, na kila moja lina jibu lake, lina ofisi yake, na lina sheria yake.

Ndugu yangu, hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Jengo kuwa tupu, jengo kuwa bovu, na ardhi kuwa imetelekezwa ni vitu vitatu tofauti. Nyumba inaweza kuwa tupu na nzima. Inaweza kuwa na watu kumi ndani na ikawa hatari kwao na kwa wapita njia. Halmashauri ina mamlaka ya kukutaka urekebishe au uondoe jengo la hatari, hilo usibishane nalo. Sheria za afya ya umma na mipango miji zinaipa nguvu hiyo, na kwa kweli tungependa iwe nayo. Lakini kusema ardhi imetelekezwa ni jambo zito zaidi. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 45, inahesabu kutelekeza ardhi kwa miaka isiyopungua miwili kuwa sababu mojawapo ya kufutiwa milki, na anayefuta milki ni Rais. Kifungu cha 51 kinaeleza nini hasa ni kutelekeza: kudaiwa kodi ya ardhi kwa miaka miwili au zaidi, kuliacha jengo lichakae hadi liwe hatari, au kuondoka nchini bila kumwachia mtu usimamizi. Anayeshughulikia hilo ni Kamishna wa Ardhi, na ni lazima kwanza atoe notisi ya kumtaka mwenye maslahi ajieleze. Tena kifungu hicho kinataka viangaliwe uwezo wa mwenye ardhi, umri na afya yake, hata hali ya hewa ya eneo lile. Afisa mwenye kopo la rangi hawezi kuyaamua hayo akiwa barabarani.

Lakini soma tena hiyo ya kodi. Miaka miwili.

Usiku ule nilipekua makaratasi ya mzee. Stakabadhi ya mwisho ya kodi ya pango la ardhi ilikuwa ya 2017, mwaka aliofariki. Hakuna aliyelipa tena baada yake. Kila mmoja wetu watoto alidhani mwingine analipa. Kwa hiyo ofisi ilipoandika "malimbikizo" ilikuwa na haki, na sisi wenyewe ndio tuliokuwa tumeweka mguu mmoja kwenye kifungu cha 51. Asubuhi yake nilikwenda idara ya ardhi, nikaomba namba ya malipo, nikalipa miaka yote iliyosalia pamoja na adhabu yake kabla sijaandika barua ya kupinga chochote. Nakushauri ufanye hivyo hivyo leo. Ukipeleka barua ya kulalamika huku unadaiwa, barua yako inasomwa kwa jicho jingine.

Kodi ya jengo ilikuwa habari nyingine, na ndiyo iliyotuokoa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Mita yetu iko uani, kwa shangazi. Maana yake kila mwezi alipokuwa ananunua umeme, alikuwa analipa kodi ya nyumba ambayo ofisi ilisema haina mtu.

Nilimuuliza kama ametunza meseji za umeme. Simu yake ni ile ndogo ya batani, meseji zikijaa anazifuta. Akaniambia subiri. Akaingia ndani akatoka na daftari la mistari, kubwa, lenye harufu ya dagaa. Kurasa za mbele ni za wateja wanaodaiwa. Nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi ndani, kulikuwa na namba. Mtoto wa jirani, wa darasa la sita, ndiye anayemnunulia umeme na kumwingizia kwenye mita, na alimwandikia kila tokeni, tarakimu 20, kwa makundi ya nne nne, na tarehe pembeni, na kiasi. Shilingi 2,000. Shilingi 2,000. Shilingi 3,000 mwezi wa sikukuu. Kwenye mwezi wa Agosti 2023 yule mtoto ameandika kwa herufi ndogo: "wamekata 1500". Shangazi alikuwa amenunua umeme wa 2,000 akabaki na wa 500, akadhani kaibiwa, akamwambia mtoto aandike ili siku moja aniulize mimi. Hakuwahi kuniuliza.

Nilikaa na daftari lile mapajani kwa muda mrefu. Mama wa watu analipa kodi ya nyumba kwa pesa ya mafungu ya dagaa, na sisi watoto wenye mishahara tumeshindwa kulipia ardhi.

Daftari peke yake mtu anaweza kusema limeandikwa jana. Kwa hiyo nilichukua namba ya mita, nikaenda ofisi ya umeme kuomba taarifa ya manunuzi ya mita ile. Walinitolea. Tarehe za kwenye daftari na za kwenye taarifa zililingana ukurasa kwa ukurasa, isipokuwa miezi miwili ambayo shangazi alikuwa amelazwa. Mdogo wenu hapo Tabora ananunua umeme kwa mita ipi? Kama mita iko kwenye nyumba hiyo, huo ndio ushahidi wa kwanza wa kutafuta, kabla ya barua ya mwenyekiti, kabla ya picha. Bili za maji nazo zinafaa kama kuna bomba.

Barua ya serikali ya mtaa tuliipata pia. Mwenyekiti anamfahamu shangazi miaka yote, ila hapo nilikutana na jambo la kuniumiza. Alipomaliza kuandika aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba malalamiko yalitoka mtaani. Kina mama wawili wanaopita na watoto alfajiri walisema vijana wanajibanza kwenye baraza letu usiku kuvuta bangi, na kwamba nyasi za upande ule zimetoka nyoka mara mbili. Shangazi yuko uani, anafunga mlango saa mbili, hawezi kuyaona. Mimi niko Kibondo. Kwa hiyo lile shtaka la wahalifu nalo lilikuwa na chembe ya ukweli, na waliolileta walikuwa na haki ya kulalamika. Siku hiyohiyo nilitafuta vijana wawili wakafyeka, na tukafunga taa barazani inayowaka usiku kucha. Niliwafuata wale kina mama nyumbani kwao nikawaomba radhi. Mmoja wao alikuja kusaini baadaye kwamba shangazi anaishi pale.

Halafu tukafika kwenye kigingi kikubwa. Nilipopeleka barua idara ya ardhi, afisa aliifungua, akatazama hati, akatazama jina langu, akauliza: "Wewe ni nani kwenye nyumba hii?" Nikasema mimi ni mtoto wa marehemu. Akasema hati ina jina la marehemu, na marehemu hawezi kuandika barua. Msimamizi wa mirathi ni nani? Hatukuwa na msimamizi. Miaka saba tangu mzee afariki, hatukuwahi kufungua mirathi. Mwanzoni tuliona si haraka, kwa kuwa hakuna anayegombania. Baadaye kaka yetu mkubwa na dada yetu walikosana juu ya shamba, na kila mtu akaogopa kuitisha kikao cha ukoo kisije kikageuka ugomvi. Tukaliacha. Na sijui kwa nini watu wengi hatulioni hili: nyumba isiyo na msimamizi haina mtu wa kusimama mbele ya ofisi yoyote na kusema "mimi". Kufuli lile la mbele lilionekana na kila mpita njia. Hili la mirathi lilikuwa limejificha kwenye droo, na lilikuwa baya zaidi.

Kikao cha ukoo tulikiitisha Jumapili iliyofuata, kwa simu kwa waliokuwa mbali. Kaka na dada walizungumza kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, maneno machache, ya nyumba tu. Nilipendekezwa mimi. Tukapeleka Mahakama ya Mwanzo muhtasari wa kikao, cheti cha kifo na Fomu Namba 1 ya maombi. Mahakama hutangaza maombi kwanza ili mwenye pingamizi ajitokeze, kwa hiyo hupati kitu siku ileile, na siku 30 za notisi zilikuwa hazitoshi kusubiri Fomu Namba 4, ile ya uteuzi. Yule mzee karani akanionyesha njia. Barua ya kupinga iandikwe na watu wawili: shangazi kama mkaazi wa nyumba, na mimi kama mwombaji wa usimamizi wa mirathi, namba ya shauri itajwe, nakala ya fomu iambatishwe, na tuombe muda uongezwe hadi mahakama iteue. Shangazi alikula kiapo cha maandishi kwa wakili kwamba anaishi pale tangu 2018, akaweka dole gumba.

Barua yenyewe ilikuwa kurasa mbili. Tuliomba tuonyeshwe ripoti ya ukaguzi: nani alikagua, lini, aliingia ndani au hakuingia. Tuliomba kifungu cha sheria kinachotumika, kwa sababu notisi ilisema "kwa mujibu wa sheria" na kuishia hapo. Tulikana kutokukaliwa na kutelekezwa, tukaambatisha taarifa ya umeme, barua ya mtaa, kiapo na stakabadhi za kodi. Na aya ya tatu tulikiri. Tuliandika kwamba chumba cha kona na baraza ni chakavu, kwamba tunaomba mhandisi aje akague tukiwepo, na kwamba tutafanya atakachoelekeza kwa upande huo. Dada yangu alipinga sana aya hiyo. Alisema tunajifunga wenyewe. Mimi naamini ndiyo iliyofungua mlango, maana ilimpa mkurugenzi wa halmashauri kitu cha kukubali bila kusema watu wake walikosea kila kitu.

Peleka nakala mbili masjala. Moja wanabaki nayo, ya pili wanakugongea muhuri wa kupokelewa na tarehe. Usiondoke bila muhuri huo, hata wakikuambia karani yuko chai. Subiri amalize chai.

Wiki iliyofuata walikuja watatu: mhandisi, afisa ardhi na bwana afya. Waliingia kwa mlango wa nyuma, kwa mara ya kwanza. Shangazi alikuwa amefagia uwanja tangu alfajiri na kuweka viti. Bwana afya alitazama choo na shimo la taka akaridhika. Mhandisi hakusema mengi. Alifungua kufuli la mbele, akapanda ngazi chumba cha kona, akachukua bisibisi na kuichoma kwenye mbao ya kenchi. Bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini, bila kusukuma, kama inaingia kwenye ugali. Mchwa. Akachoma ya pili, ikaingia. Akahamia chumba cha pili, akachoma, ikagoma. Akachoma mara tatu zaidi huko na ikagoma. Kisha akateremka akaingiza kiganja kizima kwenye ufa wa ukuta wa nje, akanionyesha kwamba ukuta umeinama kuelekea barabarani, kuelekea pale wanapopita watoto wa shule. "Huu," akasema, "msiusubirie masika yaishe." Akaandika: kona na baraza vibomolewe ndani ya siku 14; vyumba vitatu vya mbele na nyumba ya uani ni vizima na vinakaliwa.

Nilikuwa nimekuja kushinda, na nikajikuta namshukuru mtu aliyeniamuru nibomoe chumba alichozaliwa mdogo wangu. Ukuta ule ungeangukia mtu.

Tulibomoa wenyewe kwa siku tatu, kwa mikono, tofali nzima tukazipanga uani. Tulijenga ukuta mpya wa tofali za kuchoma, linta ya zege juu, mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, bati geji 28. Kaka alitoa mbao, dada akalipa fundi. Barua ya halmashauri ilikuja baada ya mwezi na kidogo: mistari minne, kwamba jengo limeondolewa kwenye orodha ya majengo yaliyotelekezwa baada ya ukaguzi wa pili. Haikusema samahani, na sikuihitaji. Fomu Namba 4 nayo ikatoka, sasa tunahamisha jina kwenye hati.

Kuhusu mahakama, kwa kuwa ndiko wengi wanakokusukuma. Mtu alinishawishi nifungue shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya dhidi ya halmashauri, na nilikuwa tayari kumlipa. Bahati nzuri nilimuuliza wakili kwanza. Tangu marekebisho ya 2020, kuishtaki halmashauri kunafuata Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali: unatoa notisi ya siku 90, shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa. Ukienda baraza la wilaya shauri linatupwa nje, na siku zako zimeliwa. Baraza la Kata nalo, tangu 2021, linasuluhisha tu, haliamui. Kama wanataka kubomoa kesho na siku 90 hazijatimia, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu zuio la muda la kulinda nyumba wakati notisi inasubiri. Mawakili wanaliita zuio la Mareva. Kwa Tabora, Mahakama Kuu iko hapohapo mjini, huna safari. Kama pesa ya wakili haipo, ulizia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Barua nzuri wanaweza kukusaidia kuiandika bila malipo. Ila barua kwa mkurugenzi itangulie, na ukaguzi wa pamoja uombwe. Kwetu yaliishia hapo.

Sasa swali lako la wapangaji. Hapana, usiwaingize. Kama nyumba ina upande mbovu, unawalaza watu chini ya paa ambalo hujalichoma bisibisi. Pia mpangaji wa wiki hii akiulizwa amekaa lini atasema wiki hii, na hapo umewaandikia wenyewe kwamba kabla yake haikuwa na mtu. Mdogo wenu yupo, muonyesheni yeye. Vitu vyake, umeme wake, majirani zake, dawa zake kama anatumia kliniki na kadi yake ina anwani ya mtaa huo. Na mfungue ule mlango wa mbele. Sisi tumeufungua, shangazi sasa anaweka mafungu ya dagaa barazani, upande wa barabara, na biashara imepanda.

Ile X tuliipaka chokaa mara tatu na bado ukiitazama jua la saa kumi inajitokeza, waridi. Shangazi anataka lipu ile ikwanguliwe, na fundi amesema wiki ijayo.

Umesema notisi yenu ina siku 30, lakini hukusema zinahesabiwa kutoka tarehe iliyochapwa juu au tarehe iliyobandikwa, na hukusema mirathi ya mama ilifunguliwa au la. Nijibu hayo mawili. Na kama unaweza, piga picha notisi, funika majina na namba ya kiwanja, uiweke hapa tuisome sentensi yake kipande kwa kipande.